Mguu wa Tima

Shella, Malindi
Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Rukiya,

Umetoka sasa hivi na Maimuna kwenda kuwaaga watu wa Mambrui, nami nimefunga mlango wa chumba nikakaa na daftari langu la ngumbaru, lile darasa letu la watu wazima. Kurasa zilizobaki ni kumi na moja. Sijui kama zitatosha, wala sijui kama nitapata moyo wa kuzijaza. Hati yangu unaijua.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala watu wa kujihadhari nao. Shangazi yako ameshakuambia hayo mara tatu na kesho garini atakuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja, na tangu Jumatatu limenikaa kifuani. Wewe mwenyewe uliniuliza juzi, “Mama, mbona umekonda ghafla?” nikakujibu ni joto.

Jumatatu ile ulikuwa jikoni unakuna nazi, mimi nachambua mchele. Nilikuuliza lile swali ambalo mtaa mzima ulikuwa ukiniuliza: mwanao anakwenda Ulaya kusoma nini hasa? Nilikuwa nikiwajibu kwamba ni udaktari. Ulicheka sana uliposikia.

“Si udaktari, mama. Nakwenda kusoma mishipa ya damu.”

“Mishipa yote?”

“Ngozi yake ya ndani tu.”

Ukashuka kwenye mbuzi ya kukunia, ukachukua kipande cha makaa, ukachora sakafuni mistari miwili mirefu, na katikati yake vidoa vidogovidogo. Uliniambia kwamba mshipa kwa ndani umetandikwa chembe hai, moja ubavuni mwa nyingine, nyembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Ukasema chembe hizo zinahisi. Damu ikipita juu yake kwa mwendo mzuri ulionyooka, nazo hujinyoosha zikalala kuelekea inakokwenda, zikawa laini, hakuna kinachonata. Lakini damu ikizubaa mahali, au ikizungukazunguka palepale, zinabadilika tabia. Zinatoa vitu vya kunasa. Basi zile chembe nyeupe, ambazo ulisema ni askari wa mwili, zinazobiringika ukutani mwa mshipa na kupita zake, zinapunguza mwendo, zinashika, zinasimama. “Na huenda hapo ndipo bonge la damu linapoanzia,” ukasema. “Wakubwa bado wanabishana.” Ukaniambia wako watu wanaozikuza chembe hizo juu ya kioo, wakapitisha maji juu yake, mara polepole mara kwa nguvu, wakitazama kwa hadubini nini kinashika na nini kinapita. Kazi hiyo ndiyo unayokwenda kujifunza.

Nilikusikiliza kwa raha, Rukiya. Nilifikiri, mimi miaka ishirini na tano nimekuwa nikisukuma damu za watu kwa vidole hivi bila kujua kilichomo, na binti yangu anakwenda kukiona kwa macho. Ndipo nikakuuliza, kwa kujua tu:

“Sasa damu itazubaa vipi na moyo unapiga?”

“Mtu akilala sana, mama. Mgonjwa aliyepasuliwa. Au mwanamke aliyezaa, akalazwa kitandani siku nyingi hatembei, na tumbo limefungwa likabana mishipa itokayo miguuni. Utaona mguu mmoja unavimba, unakuwa mzito, unauma kwenye shavu la mguu.”

“Unakuwa na joto,” nikasema.

“Eeh, una joto. Umejuaje?”

Nikasema nimekanda wanawake wengi.

Nawe ulikuwa umeinamia mchoro wako. Ukasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari: “Basi mguu kama huo haukandwi, mama. Ukikandwa bonge linaweza kung'oka, likapanda hadi moyoni, likapita likaziba mapafu. Mtu anakufa na wewe unamtazama.”

Ukarudi kwenye mbuzi ukaendelea kukuna. Hukuniangalia, na namshukuru Mungu hukuniangalia. Mchele ule nilichambua mara tatu, kisha tukala na mawe vilevile.

Rukiya, mama yako mdogo Tima hakufa kwa sindano.

Nimeiandika.

Wewe wakati ule ulikuwa bweni Mombasa, kidato cha nne. Ulipofika nyumbani tulikuwa tumekwisha mzika, na uliambiwa walivyoambiwa wote: Tima alizaa salama, siku ya kumi na mbili alipata homa, akaja yule sista wa zahanati akamchoma sindano, na kabla ya adhuhuri amekufa. Habari ya mguu hukuambiwa. Hakuambiwa mtu yeyote. Na mwaka jana ulipoandika maombi yako ya kwenda kusoma ulinisomea, kwa Kiingereza kwanza kisha ukanifasiria, kwamba uliingia katika elimu hii kwa sababu ulitaka kujua ni dawa gani inayoweza kumuua mwanamke mzima kwa muda mfupi namna ile. Mimi nilisema, “Umeandika vizuri.” Hayo ndiyo maneno niliyoyatoa mdomoni. Umeandika vizuri.

Sasa nitakueleza kama ilivyokuwa, nami sitajipunguzia.

Unajua Tima alikuwa nani kwangu. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka minne. Nilimlea kabla sijakuzaa wewe. Mimba ile ya kwanza aliingoja miaka sita. Mumewe alikuwa Uarabuni kazini, kwa hiyo akaja kuzalia hapa kwangu, katika chumba hiki hiki ninachoandikia. Alizaa usiku mmoja bila shida, Maimuna akalia kwa sauti mpaka majirani wakapiga vigelegele ukutani kwao. Nami nikaapa moyoni kwamba mzazi huyu atatunzwa kuliko mzazi yeyote niliyewahi kumtunza.

Nilimfunga tumbo kwa kanga mbili badala ya moja, nikakaza. Nilimkataza kushuka kitandani. Hata choo nilimpelekea. Alikuwa akiniambia, “Dada, nimechoka kulala, niache nitembee hata hapa ukumbini,” nami namwambia, “Umeingoja miaka sita, huwezi kungoja siku arobaini?” Nilikuwa nikimtania. Nilijiona dada mwema.

Siku ya kumi aliniambia mguu wa kushoto unamuuma. Nilitazama, sikuona kitu. Siku ya kumi na moja ulikuwa umevimba kutoka kwenye kifundo hadi gotini, ngozi imevutika inang'aa. Nikaugusa. Ulikuwa na joto, na nyama yake ngumu, si kama nyama niliyoizoea. Mikono yangu iliniambia kwamba huu ni mguu wa namna nyingine, nami nikaibishia mikono yangu. Nikajiambia ni upepo umeingia, utatoka.

Asubuhi ya pili yake nikamwita Sista Kadzo kwa ajili ya homa. Wewe ulimwona mara moja au mbili, ndiye aliyekuwa akipita Shella kuwachanja watoto, mwembamba, Mgiriama wa upande wa Ganze, anavaa saa yake kifuani. Alimpima joto, akamchoma sindano ya homa, kisha akafunua kanga akauona mguu. Alibadilika uso. Hakuugusa kwa nguvu. Aliweka kiganja tu, akaondoa.

“Mama Rukiya,” akasema, “mguu huu usiukande.”

“Nimesikia.”

“Usiuchue, usiupake mafuta, usiukande hata kidogo. Na leo hii apelekwe hospitali kubwa. Alale vivi hivi kwenye gari, asitembezwe. Mimi nakwenda kutafuta gari la zahanati.”

Nikamwambia Tima hajatoka arobaini, hawezi kutolewa nje. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba arobaini ataimaliza hospitali. Akatoka kwenda kutafuta gari.

Nataka ujue nilivyohisi pale, maana humo ndimo lilimo kosa langu, zaidi kuliko mikononi. Nilihisi nimedharauliwa. Mimi, niliyekanda wake za watu wakubwa wa mji huu, ninayefuatwa hadi kutoka Lamu, naambiwa na msichana ambaye hajazaa hata mara moja kwamba mguu wa ndugu yangu usiguswe na mikono yangu. Pia niliogopa. Nilifikiri wakimpeleka hospitali watamkata mguu. Hofu na kiburi vilikuwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha, na hata leo siwezi.

Tima alikuwa akiugua. Akaniambia, “Dada, fanya chochote.” Sikuambii hili ili nimtupie yeye. Mgonjwa huomba chochote. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Nikapasha mafuta ya ufuta. Nikaanza chini kwenye kifundo nikapanda, kwa dole gumba, kama ninavyofanya siku zote, nasukuma kwenda juu. Alilia. Nikamwambia, “Vumilia, kinachouma ndicho kinachotoka.” Nilifika nyuma ya goti nikakuta kama kamba ngumu ndani ya nyama. Nikaisukuma. Nikairudia. Rukiya, ilipopotea chini ya dole langu nilifurahi. Nilimwambia, “Umeona? Imeachia.”

Alitulia kidogo kama aliyepata nafuu. Kisha akainuka ghafla akaketi, akanishika kanga hapa begani.

“Dada, kifua.”

“Kimefanyaje?”

“Pumzi. Sipati pumzi.”

Midomo yake ilibadilika rangi nikiiona. Nilimpepea, nikamfungua ile kanga ya tumbo, nikasoma dua nilizokumbuka. Maimuna alikuwa amelala pembeni yake, hakuamka. Sista Kadzo aliporudi na gari alitukuta hivyo, mimi nimempakata Tima na mafuta yamenijaa hadi kwenye viwiko. Aliyatazama mafuta. Akanitazama mimi. Akamfumba Tima macho.

Ndani ya nusu saa nyumba ilijaa. Sikumbuki ni nani aliyeanza. Mwanamke mmoja aliuliza, “Alipewa nini?” mwingine akajibu, “Sista alimchoma sindano asubuhi.” Basi likapita mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na mikono nimeshaiosha. Shangazi yako akaniinamia, “Ni kweli ni sindano?” Ilikuwa kazi ya kutikisa kichwa tu, Rukiya, kukataa. Nikalia. Akachukua kilio changu kuwa ndiyo.

Nilijiambia nitasema baada ya maziko. Kisha baada ya siku ya tatu. Kisha mume wa Tima akaja kutoka Uarabuni, akaapa atamshitaki sista, nikamsihi asifanye hivyo, na watu wakasema, “Tazama moyo wa mwanamke huyu, amefiwa na bado anasamehe.” Baada ya hapo sikuweza tena. Yeye alirudi kazini kwake, akaoa huko, akaniachia Maimuna, na mtoto akakua akiniita mama.

Sista Kadzo je? Walimfungia milango. Akipita na sanduku lake la chanjo wanawake wanawaita watoto ndani. Mmoja alimmwagia maji miguuni. Hata mwaka haukwisha akaomba ahamishwe. Na hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyechanjwa muda wote ule. Unamjua binti wa nyumba ya pili, yule asiyesikia, ambaye wewe ulikuwa ukimfundisha kuandika jina lake kwa kijiti. Alipatwa na surua msimu ule, ikamwondolea usikivu. Mama yake alikuwa akiniambia mimi, kwa mdomo wake, “Afadhali surua kuliko sindano iliyomuua Tima.” Nami nilikuwa nimekaa naye baraza moja.

Sasa unaelewa kwa nini uliposema maneno yale jikoni nilichambua mchele mara tatu.

Alhamisi nilikuambia nakwenda Gongoni kuhani. Nilikudanganya. Nilipanda basi hadi Marereni, maana nilikwisha sikia kwamba Sista Kadzo yuko huko, zahanati ya karibu na mashamba ya chumvi. Tangu tulipovuka daraja la Sabaki nilikuwa nikijisemesha maneno niliyopanga, na nilipoteremka yote yamenitoka. Jua lile na weupe ule wa chumvi hata macho hayafunguki. Nilimkuta anamsafisha kijana mmoja nyayo zilizopasuka kwa kusimama kwenye maji ya chumvi. Amenenepa kidogo. Ile saa bado iko kifuani.

Alinitambua mara moja. Aliendelea kufunga bendeji, akamaliza, akanawa mikono, akamwambia kijana aende. Kisha akasema, “Shikamoo, Mama Rukiya.”

Nikashindwa kuitikia marahaba. Nikamwambia, “Sista, nimekuja kwa ajili ya Tima. Niliukanda ule mguu.”

“Najua.”

“Uliona mafuta.”

“Niliona mafuta kabla sijamwona yeye.”

“Mbona hukusema? Watu walikufukuza, na wewe ulijua, mbona hukunitaja?”

Alivuta kiti akakaa. Akasema alisema. Aliandika kila kitu kwenye ripoti ya zahanati, mkubwa wake akamwamini, ikawekwa. “Lakini mtaani kwenu ningemwambia nani? Wewe ulikuwa dada na mlezi wa marehemu, na mimi ni sista wa kuja. Ningesema nini kingeaminika?” Halafu akasema, “Na nilifikiri wewe mwenyewe utasema. Nilingoja. Kila nikipita na sanduku langu nilikuwa natazama mlango wako.”

Nilipiga magoti mbele yake kumwomba msamaha. Aliniinua kwa mkono mmoja, si kwa upole.

Nikamuuliza lile ambalo huenda na wewe utataka kuniuliza. “Ni mikono yangu iliyomuua?”

Akafikiri. “Sijui,” akasema. “Mguu ule ungeweza kumuua hata usingeguswa. Ungeweza kumuua njiani ndani ya gari langu. Nimeona yote mawili. Ninachojua ni kwamba alikuwa na nafasi, na wewe ukaipunguza.” Kisha akasema jambo ambalo limekuwa likinizunguka tangu Alhamisi. “Mimi, Mama Rukiya, nilihama. Nimekaa hapa, nina kazi, nina watoto wawili. Wale watoto wa mtaani kwenu hawakuhama. Usiniombe mimi peke yangu.”

“Nifanye nini?”

“Waambie wanawake wa Shella. Anza na wa nyumbani kwako.”

Hakunipa mkono nilipoondoka, wala hakusema amenisamehe. Alinisindikiza tu hadi kituoni, akasimama nami juani mpaka basi likaja. Sijui maana yake ni nini. Nimelifikiria sana, ule muda aliosimama nami.

Jana wanawake walipokusanyika kukuombea dua ya safari nilitaka kusema. Uliniona nimesimama na nimekohoa, wote wakanyamaza wakidhani nataka kukusifu. Nilimwona mama wa yule binti asiyesikia amekaa karibu na mlango, na sahani ya halua mapajani, ananitabasamia. Nikasema, “Karibuni kahawa.” Nikakaa. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu aliyekwisha kuwa jasiri. Wewe ndiye wa kwanza, na hata wewe nakuandikia kwa sababu umetoka.

Naogopa mambo mengi, nami nitayaandika bila mpango. Naogopa utaondoka kesho umenikasirikia na bahari nzima itakuwa katikati yetu. Naogopa hutaondoka, utasema elimu yote hii umeijenga juu ya uongo wa mama yako na utavua viatu ukae. Usikae, Rukiya. Kilichokuingiza katika elimu hii ni kitu ambacho hakikuwapo, lakini ulichokikuta humo ni cha kweli. Nilikiona pale sakafuni kwa makaa, nikakitambua kwa vidole vyangu kabla hujamaliza kuchora. Naogopa zaidi kuhusu Maimuna. Ana miaka saba. Siku moja itabidi ajue kwamba anayemwita mama ndiye aliyekuwa na mafuta mikononi. Sijui nitamwambia lini. Sijui atanitazama vipi. Leo asubuhi nilikuwa nikimsuka na mikono ikanisimama kichwani mwake, akaniuliza, “Umesahau njia?”

Na naogopa kuhusu wewe jambo moja la kipumbavu. Nilisema sitakupa maagizo, basi hili lichukue kama ombi. Shangazi yako anasema utakaa ndani ya ndege usiku mzima na zaidi, magoti yamekunjwa. Tangu aliponiambia nimekuwa nikiiona miguu yako tu. Inuka, mwanangu. Watu wakikutazama wakutazame. Tembea uchochoro ule wa katikati uende na kurudi. Najua utacheka, wewe ndiye uliyenifundisha hayo, lakini inuka.

Huko uendako utakuwa hodari. Nimekujua tangu mdogo, ukishika kitu unakiweza. Watu watakusifia mikono yako na macho yako, na itakupendeza, kama ilivyonipendeza mimi. Sina la kukukataza hapo. Nakuambia tu lililonipata: kwa miaka mingi nilisifiwa hata nikasahau kwamba kuna miguu ambayo siijui. Na siku mikono yangu yenyewe iliponiambia haijui, nikaona aibu kusema mbele ya yule msichana. Neno “sijui” lingenichukua muda mfupi kuliko kupasha mafuta. Sista Kadzo alilisema Alhamisi waziwazi, tena juu ya jambo ambalo lilimvunjia maisha yake, na sikumwona amepungukiwa na kitu.

Kukanda nimeacha. Hukunisikia nikisema kwa sababu sikumwambia mtu, lakini tangu Jumatatu wamekuja wawili nikawaambia mkono unaniuma. Huo nao ni uongo. Mmoja amezaa juzi tu, upande wa msikitini. Nilikwenda kumtazama hata hivyo. Nikamlegeza ile kanga ya tumbo, nikamwambia ashuke kitandani tutembee, na mama mkwe wake akanung'unika sana, nami nikamshika mkono tukatembea ukumbini mara tano. Nilimpapasa miguu yote miwili. Ilikuwa sawa. Nilirudi nyumbani kama niliyenusurika mimi.

Nikipata nguvu, Ijumaa ijayo wanawake watakuwa hapa kwa ajili ya hitima ya Tima, kile kisomo cha kumrehemu cha kila mwaka. Nitawaambia siku hiyo. Nimeandika “nikipata nguvu” na nimelitazama neno hilo, nimelikata. Nitawaambia Ijumaa. Nikishindwa tena utajua, maana nitakuandikia, na wewe unajua nikidanganya hata kwa hati.

Nimefika ukurasa wa mwisho. Nawasikia sasa hivi mko uchochoroni. Maimuna anakuhadithia kitu na wewe unajifanya hukijui. Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, katikati ya nguo, uione ukishafika. Hapo ungeisoma peke yako katika chumba nisichokijua, ukainua macho usinione. Sitafanya hivyo. Nitamtuma Maimuna kwa shangazi yako akalete kitu chochote, nitafunga mlango, nitakupa barua mkononi, nami nitakaa hapa kitandani mbele yako mpaka uimalize. Ukitaka kuuliza, uniulize nikiwapo. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Ukisimama ukatoka, sitakuita.

Mmefika mlangoni. Nakufungulia.

Mama yako